Kigae Kinakatwa Chini

Emilia ni mzima. Natanguliza hilo kwa sababu nawajua akina mama wenzangu, mkianza kusoma habari hii mtaruka mpaka mwisho mkatafute kama mtoto alipona. Alipona. Sasa hivi ni mama mwenyewe, na mwanawe yupo mlangoni anakula udongo, nimeshamkataza mara tatu. Kwa hiyo someni taratibu, maana ninachotaka mkishike hakipo mwisho. Kipo katikati, pale ambapo mimi bibi yake, kwa adabu zangu zote nilizofundishwa, nilimfunga mgongoni nikampeleka mwenyewe chini ya kigae kinachoanguka.

Ilikuwa mwaka 1992. Miaka ile ya ruksa, vitu vilikuwa vimerudi madukani. Ukishuka mjini Dodoma unakuta mabati ya rangi, ya bluu na ya kijani, yamesimamishwa nje ya duka yanang'aa mpaka unafumba macho. Lakini vitu kurudi madukani na vitu kufika nyumbani kwako ni habari mbili. Mkwe wangu, mume wa binti yangu Restuta, alikuwa amepunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Kiinua mgongo chake kilipandisha kuta za nyumba pale Nkuhungu, kikaishia hapo. Kuta zikakaa miezi minane zinatazama jua.

Jina la mkwe wangu ni Gideoni, mtalisikia kwa wengine. Mimi silitaji. Kwetu Haneti, katika nyumba niliyolelewa, jina la mkwe halipiti mdomoni mwa mama mkwe, basi mimi nitamwita Baba Emilia kama ninavyomwita siku zote.

Huyo Baba Emilia akasikia kuna tajiri anabomoa paa la nyumba kuukuu karibu na reli ili aweke mabati ya kijani. Vigae vyake vyekundu, vya udongo wa kuchoma, tajiri alitaka viondoke tu mbele ya macho yake. Baba Emilia akaviondoa kwa mkokoteni, safari kumi na moja, na njiani vikavunjika vichache. Vilivyofika vilitosha nyumba kwa kubanana sana. Fundi alivihesabu mara mbili akasema, "Vinatosha, ila usikohoe karibu navyo."

Fundi mwenyewe alikuwa mzee Rehani, mtu wa mjini, ambaye babu yake alikuja Ugogo na misafara ya zamani akaoa hapa hapa. Alikuwa ameezeka vigae tangu ujana wake, halafu vigae vikapitwa na mabati, naye akakaa barazani miaka mingi akinywa kahawa. Alipoitwa Nkuhungu alikuja na mfuko wa turubai, ndani yake nyundo ndogo, tindo mbili, koleo na tupa. Hakuna mashine. Umeme wenyewe ulikuwa haujafika kwetu, nguzo ya mwisho ilisimama huko mbali.

Nami nikaletwa kutoka Haneti mwezi wa kumi, kazi yangu kulea. Restuta alikuwa akiuza vitumbua sokoni Majengo toka alfajiri, na Emilia alikuwa na miezi saba, mzito kama gunia la karanga. Sikulala kwao. Walikuwa wamepanga chumba kimoja, na mimi siwezi kulala chumba kimoja na mkwe. Nililala kwa jirani, Rukaya, mama wa Kiislamu mwenye maneno mengi na moyo mkubwa, nyumba yake ipo mgongoni mwa kiwanja chetu.

"Mama Restuta," alikuwa akiniambia, "mkwe wako si simba. Unavyomkwepa mtu atadhani ana ukoma."

"Si ukoma, ni heshima."

"Heshima gani ya kuzunguka nyumba nzima kwenda kuchota maji?"

Nilizunguka kweli. Nyumbani kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawakutani uso kwa uso ovyo. Hamli pamoja. Ukimwona anakuja unampisha. Salamu inatoka mbali: yeye anasema "Mbukwenyi," kwa wingi kana kwamba mpo watu kumi, ingawa upo peke yako, ndiyo heshima yenyewe. Wewe unasimama pale pale ulipo, unageuza uso, unainama kidogo, unaitika "Mbukwa." Kusimama ndilo jambo kubwa. Kuitika huku unatembea ni kumwambia mkwe wako kwamba hana maana. Nilifundishwa hivyo na mama yangu kwa kofi, na sijawahi kuitika nikitembea.

Sasa sikilizeni habari ya kukata, maana ndiyo iliyoleta yote.

Nyumba ile ilikuwa na kona. Sehemu ya mbele paa lake linakwenda huku, jiko na stoo paa lake linakwenda kule, na pale yanapokutana panakuwa na bonde la kupitishia maji. Kwenye bonde kigae kizima hakikai. Lazima kikatwe mshazari, na kila kimoja na mkato wake. Mzee Rehani alimfundisha Baba Emilia uani, chini ya mwarobaini, na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko napepeta mtama, nasikia kila neno.

"Umekiloweka?"

"Tangu jana, mzee. Kimelala ndani ya pipa."

"Kipige nikisikie."

Kigae kikapigwa kwa kifundo cha kidole, kikalia ngaa, sauti safi.

"Hicho kizima. Kingekuwa na ufa kingesema pwa. Haya, kilaze juu ya gunia la mchanga. Mstari wa mkaa unauona? Fuata kwa tindo. Polepole! Wewe Mgogo, unachanja kuni? Kigae hakikatwi, kinabembelezwa."

"Nabembeleza, mzee."

"Unabembeleza kama unafukuza fisi. Babu yangu alipopita hapa akitoka Unyanyembe aliwaona mnavyokula mlenda, akasema, hawa watu kila kitu kitawateleza mkononi. Ndiyo maana akabaki, awafundishe kushika."

"Babu yako alibaki kwa sababu wazee wetu walimdai hongo ya njia akakosa," Baba Emilia akajibu. "Mpaka leo tunakushikilia wewe kama rehani. Hata jina lako linasema."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Nami nyuma ya ukuta nikaziba mdomo kwa kanga, maana si vizuri mkwe wako asikie umecheka maneno yake.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Unagonga tindo juu ya mstari, ko, ko, ko, unakwenda na kurudi, mara tatu, mara nne. Mwanzoni sauti inabaki ile ile ya kengele. Halafu, bila jicho kuona chochote, sauti inashuka. Inakuwa nzito, kama mtu aliyechoka kubisha. Hapo mzee alikuwa akisema, "Hapo!" Unaacha kugonga. Unageuza kigae, unakipa pigo moja kwa mpini wa nyundo, kinaachia kwenye mstari. Kingo unazing'ata kwa koleo kidogo kidogo, unamalizia kwa tupa. Ukizidisha pigo moja baada ya sauti kushuka, kinapasuka kinapotaka chenyewe. Vilipasuka viwili siku ya kwanza, na akiba yote ilikuwa hiyo. Baba Emilia alikaa chini akaviangalia kama mtu aliyefiwa.

Siku ile ndipo mzee alipoweka sheria yake. Alisema kwa sauti hata Rukaya alisikia ng'ambo ya pili:

"Kigae kinapimwa juu, kinachorwa juu, kinakatwa chini. Umenisikia, Gideoni? Hata kama mbingu inaanguka. Mtu asinikatie kigae juu ya paa. Paa lina mteremko, na kipande hakina macho."

Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu. Lakini niliona ni la mafundi. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Wewe mama unayesoma, ukisikia fundi anaweka sheria nyumbani kwako, usidhani si yako. Yeye jioni anarudi kwake. Wewe na mtoto ndio mnaopita chini ya hilo paa.

Tena mimi paa la namna ile sikulijua. Nimekulia nyumba ya tembe. Paa la tembe ni bapa, la udongo, lipo chini, mtoto wa miaka sita anapanda. Tulianika mtama juu yake, tulianika mboga, na kilichowekwa juu kilikaa juu. Mahali pa salama kuliko pote ni kutembea umejibana na ukuta. Pana kivuli na mtu aliye juu hakuoni. Miguu yangu ilikwenda na elimu hiyo mpaka Nkuhungu, ikaikuta nyumba ambayo paa lake linamwaga kilicho juu.

Wiki tatu zikapita. Vigae vikapanda, mstari juu ya mstari, vyekundu, vizuri jamani, mpaka wapita njia walisimama. Zikabaki kama siku mbili mvua ianze. Mawingu yalikuwa yanakuja mchana yanatuangalia halafu yanaondoka. Ijumaa moja vilibaki vinne tu vya bondeni, pale karibu na jiko. Vyote vimeshalowekwa, vimepandishwa juu asubuhi vichorwe.

Mzee Rehani akaangalia jua, akafunga mfuko wake. "Nakwenda kuswali. Nikirudi tunamaliza. Chora, usikate mpaka ushuke navyo hapa kwenye gunia."

"Sawa, mzee."

"Nakwenda na sikio moja, jingine naliacha hapa."

Akaondoka. Baba Emilia akabaki juu anachora. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya mwarobaini na Emilia mapajani. Joto lilikuwa la kuchemsha, lile la kabla ya mvua, na mtoto alikuwa amehangaika tangu asubuhi, ndiyo kwanza usingizi umemchukua. Kivuli pale uani kilikuwa hicho kimoja. Na chini ya kivuli hicho hicho, hatua tatu kutoka nilipokaa, ndipo palipokuwa na pipa la maji na gunia la mchanga. Pa kukatia.

Nikaona mguu wa Baba Emilia unatafuta ngazi. Ukashuka kidato kimoja, ukashuka cha pili. Kisha akageuza shingo, akaniona. Mguu ukarudi juu.

Niliuona mguu ule ukirudi. Nikajiambia, amesahau kitu. Sikujiambia ukweli, kwamba mtu mzima mwenye adabu hawezi kuja kukaa hatua tatu kutoka kwa mama mkwe wake, amevua shati, aanze kugonga tindo mbele yake. Alinikwepa. Na mimi kwa kuogopa kumwamsha mtoto sikunyanyuka.

Basi akafanya nini? Wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi upande wa Chamwino. Tindo na koleo vilikuwa kiunoni mwake. Akakaa juu ya papi, zile mbao nyembamba za kushikia vigae, akaweka kigae gotini, akaanza. Ko, ko, ko.

Nikaisikia ile sauti. Wiki tatu nilikuwa nimeizoea ikitoka ardhini. Siku ile ilitoka juu. Nilisikia kabisa kwamba imetoka mahali pasipo pake, kama kusikia mbuzi wako analia ndani ya nyumba ya jirani. Lakini badala ya kuuliza, nikapata aibu. Nikafikiri: maskini, anagonga huko juu kwa sababu mimi nimemkalia mahali pake. Ngoja nimpishe.

Nikamfunga Emilia mgongoni, hakuamka. Njia za kwenda kwa Rukaya zilikuwa mbili. Moja inakata katikati ya ua, peupe, mbele ya macho ya mkwe wangu aliye kifua wazi. Nyingine inapita ukutani, chini ya ukingo wa paa, hakuoni mtu. Mnajua nilichagua ipi.

Nilitembea nimejibana na ukuta kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nimefurahi, nawaambia kweli. Nilijiona mama mkwe mwema.

Huko juu sauti ilikuwa imeshashuka na mkwe wangu hakuisikia. Alikuwa na haraka, na mzee wa kusema "Hapo!" alikuwa msikitini. Akazidisha pigo moja. Kigae kikakatika, kipande kikubwa kikamtoka gotini kikaanza kuteleza, kimelowa, juu ya vigae vingine, kwenda chini. Akakifuata kwa macho. Na pale ukingoni, kinapokwenda kutua, akaona ncha ya kitambaa changu cha kichwa inachomoza, na nyuma ya kitambaa, kichwa cha mwanawe.

Baadaye alinisimulia kwamba alifungua mdomo mara mbili na hakikutoka kitu. Alitaka kusema toka. Mama mkwe haambiwi toka. Alitaka kuita mama, akaona ni kuita tu, nitaendelea kutembea nikitafuta nani ananiita. Basi kinywa chake kikatoa lile pekee ambalo kimezoea kuniambia, kikalitoa kwa nguvu zote:

"MBUKWENYI!"

Nami, jamani, nikasimama.

Sikufikiri. Ni kofi la mama yangu lililonisimamisha. Nilisimama pale pale, mguu mmoja hewani nikaurudisha nyuma, nikageuzia uso ukutani, nikainama kidogo. Nikaitika, "Mbuk..."

Kikatua. Kilitua mahali ambapo mguu ule ungekanyaga. Kilipasuka kwa mlio wa chungu, vipande vikaruka, kitu kikanichoma muundi wa mguu, na maji mekundu yakaruka mpaka juu. Emilia akapiga ukelele mgongoni mwangu.

Nikamvuta mbele nimwangalie. Kichwa chake kilikuwa chekundu. Kinachuruzika mpaka shingoni.

Hapo siwezi kuandika vizuri. Nakumbuka tu mtu ameshuka ngazi bila kugusa vidato, na mikono ya mkwe wangu ikifungua fundo la kanga kifuani pangu. Mkwe, anafungua kanga ya mama mkwe wake, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu. Tulikuwa wote tumepiga magoti, tunafuta kile kichwa kwa viganja vinne, tunatafuta tundu.

"Ni wapi? Mama, ni wapi?"

"Sioni! Futa hapo!"

"Hakuna. Hapa hakuna."

"Huku nyuma?"

"Hakuna, mama. Ni tope."

"Ni tope?"

"Ni tope la kigae! Kilikuwa kimelowa!"

"Ni tope," nikasema.

"Ni tope, mama."

Tuliambizana hivyo sijui mara ngapi. Emilia alinyamaza akatuangalia mmoja mmoja, akaingiza kidole mdomoni, akaonja lile tope, akaona si baya. Nilikaa chini na mgongo wangu ukutani nikacheka, na machozi yakawa yanatoka, na damu, ya kwangu sasa, ya kweli, inatiririka kutoka kwenye muundi na wala siisikii. Baba Emilia akachukua shati lake kwenye ngazi, akalichana, akanifunga mguu. Aliniangalia usoni. Nikamwangalia usoni. Ana macho ya kahawia, yana alama ndogo upande wa kushoto. Miaka mitatu mkwe wangu, ndiyo nilikuwa naiona.

Rukaya alikuwa amefika, kitenge hakijakaa sawa, amepita hata sijui wapi. Akamchukua mtoto akamgeuza huku na huku kama anayenunua kuku. "Mzima," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe ulikuwa unafanya nini huku ukutani?"

"Nilikuwa namkwepa."

Akamgeukia Baba Emilia. "Na wewe ulikuwa unafanya nini huko juu na tindo?"

"Nilikuwa namkwepa mama."

"Basi nyie wawili," Rukaya akasema, "mmekwepana mpaka mkakutania kichwani kwa mtoto."

Mzee Rehani aliporudi alikuta tumekaa watatu bado chini. Aliokota kipande, akakipiga kwa kifundo, akasikiliza, akakitupa.

"Pigo moja la zaidi," akasema. "Na juu ya paa." Akavua kofia yake. "Gideoni, nilikuambia hata kama mbingu inaanguka. Nilikuambia au sikukuambia?"

"Uliniambia, mzee."

Rukaya akamsimulia yote, mpaka ile salamu, na mzee akaruka: "Na ulipoona kinateleza, mbona ulimwamkia? Mtu anakaribia kufa unamwamkia? Ungesema toka!"

"Nimwambie mama toka? Kama mbwa?"

"Ungesema angalia!"

"Sikuliona neno, mzee. Lililokuja ni lile."

Nikamwuliza mwenyewe, nikimtazama, maana kutazamana kulikuwa kumeshatokea: "Baba Emilia, ulijua nitasimama?"

Akafikiri. Angeweza kunidanganya. "Sikujua, mama. Sikujua chochote. Na kama ungekuwa umeshapita hatua moja zaidi..."

Hakumaliza, na nashukuru hakumaliza. Lakini mimi nawamalizia nyinyi, kwa sababu ndiyo maana naandika. Kama ningekuwa mbele hatua moja, salamu ile ile ingenisimamisha chini ya kigae chenyewe. Ningesimama kwa heshima, nikageuza uso kwa heshima, na mjukuu wangu mgongoni. Watu wa kanisani kwetu wanasema salamu ilituokoa. Nami nasema asante Mungu, lakini msije mkaitegemea. Salamu haijui kipande kinaangukia wapi.

Restuta aliporudi na beseni lake jioni tulimweleza, kila mtu akianza upya. Alimshika mwanawe akampapasa kichwa chote. Nilidhani atatulaumu. Kisha akasema, "Mama, wewe huwezi kumwita jina. Yeye hawezi kukufokea. Sawa. Basi usimwite yeye. Liite paa."

"Niite paa?"

"Kabla hujafika karibu na ukuta, unasimama mbali, unaita 'Paa!' Aliye juu anajibu. Akisema 'Pita,' unapita. Akisema 'Ngoja,' unangoja. Hujamwita mtu. Umeita nyumba."

Mzee Rehani, ambaye alikuwa amebaki kwa ajili ya chai, akasema paa wa porini wakisikia watatujia wote uani, tule nyama. Lakini alikubali. Alisema angelifikiria miaka arobaini iliyopita angekuwa na vidole vyote vya mguu wa kulia.

Kuita kwenyewe kulinishinda. Mara ya kwanza sauti ilitoka kama ya mtu anayeomba chumvi.

"Hata mimi niliye karibu sijakusikia," Rukaya akasema. "Tena."

"Paa."

"Mama Restuta, unaita kwa ajili ya uhai wa mjukuu wako! Tena!"

"PAA!" nikasema, na mbwa wa jirani akabweka, na huko juu, ambako alikuwa amepandishwa kwa mazoezi tu, mkwe wangu akajibu kwa sauti nene ya kuogopesha, "Ngoja, nyumba inafikiri!" Tulicheka mpaka Emilia akashtuka.

Mvua haikunyesha siku ile. Ilitusubiri. Kesho yake, Jumamosi, mzee alikuja mapema na kigae kimoja amekifunga kwenye gazeti. Tulikuwa tumepungukiwa kimoja kwa kile kilichovunjika, na duka la vigae vile halikuwepo Dodoma nzima. Kumbe alikuwa nacho kwake barazani, alikipata siku za nyuma kwenye nyumba ile ile ya reli, ndicho alichokuwa akiwekea birika la kahawa. Kilikuwa na duara jeusi katikati. "Birika litakaa chini," akasema. "Limezeeka kama mimi, litazoea."

Baba Emilia akashuka navyo vinne. Nilikuwa chini ya mwarobaini na mtoto. Safari hii alipofika kwenye kidato cha pili alisimama akaniangalia, nami nikasema, "Njoo ukate, Baba Emilia. Kivuli kinatutosha." Alikuwa amevaa shati. Mimi nilikuwa nimekaa ubavu, si uso kwa uso. Kila mtu alisogea kidogo.

Alikata vitatu, safi. Cha nne kilikuwa kile cha birika. Mzee alikuwa amepanda juu kupima kofia ya paa, hakuwa karibu. Ko, ko, ko. Nilikuwa namlisha Emilia uji na sikio langu lipo kule. Ko, ko. Sauti ikashuka. Niliisikia ikishuka kama mtu anavyosikia maji yamekwisha kuchemka. Mkono wake ukanyanyuka tena.

"Hapo!" nikasema.

Mkono ukasimama hewani. Akageuza kigae, akakipa pigo moja kwa mpini. Kikaachia kwenye mstari kama mkate.

Huko juu mzee akauliza, "Nani kasema hapo?"

"Mama," akajibu Baba Emilia.

"Basi mimi nirudi kwenye kahawa yangu, fundi mmeshampata."

Mvua ilikuja saa tisa. Ilikuja ile ya Dodoma, inayokaa kimya mwaka mzima halafu inataka kusema yote siku moja. Tuliingia sote ndani, na Rukaya naye, tukasimama chini ya bonde tunaangalia juu. Maji yalipiga vigae, yakakusanyika, yakapita pale kwenye mikato yote ya mshazari. Halikudondoka tone. Baba Emilia alikuwa amenyoosha kiganja, anangoja, mpaka Restuta akamshusha mkono.

Nyumba imekwisha siku nyingi, umeme umefika, na hapa Nkuhungu wanapita mafundi wenye mashine zinazopiga kelele na kutoa vumbi kama gari. Nawaona wanakata juu, juu kabisa, na chini akina mama wanapita na ndoo, wengine wamejibana ukutani kwa ajili ya kivuli. Nasimama barabarani nawapigia kelele. Wananiona mwehu. Sijali. Mwulize fundi wako anakatia wapi. Kubalianeni neno kabla hajapanda, neno moja fupi ambalo hata mkwe anaweza kulisema kwa mkwe, na lijaribuni siku ambayo hakuna kinachoanguka. Na kama umemkalia fundi mahali pake pa kazi, nyanyuka, au mwambie njoo. Msikwepane.

Mimi bado nikitoka mlangoni nasimama kwanza, naita. Hakuna mtu juu, najua, lakini naita. Emilia amenisikia hivyo tangu mchanga, na neno lake la kwanza kulisema lilikuwa hilo. Baba yake anadai alisema "baba." Nilikuwa karibu kuliko yeye. Alisema "paa."